Tulivyomchagulia Yaya Mti

Kila mwaka, mwezi wa nne, dada yangu mkubwa alikuwa ananitumia picha ya mti. Kwetu Bukavu dada mkubwa tunamwita yaya, na yaya wangu alikuwa Amerika, katika mji mdogo wa baridi kali ambako alipelekwa kama mkimbizi, yeye na binti yake mmoja. Mimi nilibaki Durban na mama. Mti wenyewe ulikuwa mbele ya nyumba aliyopanga, karibu na kisanduku cha barua, na katika picha haukuwa na jani hata moja. Ulikuwa na maua tu, madogo madogo, yamejibana kwenye matawi makavu kuanzia shinani, rangi ya maji ya bitiruti yaliyotiwa maziwa kidogo. "Unaitwa redbud," yaya alisema kwenye ujumbe wa sauti, "na usiniulize wekundu uko wapi, hawa watu rangi zinawashinda." Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akasema ni muzuri, halafu akataka niulize kama yaya anakula.

Anakula, yaya alijibu. Kila mara alikuwa anakula.

Alifariki mwaka juzi, mwezi wa kwanza. Tulimzika kwa simu. Karatasi yangu ya hifadhi inaniruhusu kuishi na kufanya kazi, lakini nikitoka nayo hairudi na mimi, na ya mama ni hiyo hiyo. Kwa hiyo tulikaa sebuleni kwetu Overport, mtaa wa Durban, mimi, mama na wamama saba wa kanisa, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Tulimwona yaya katika sanduku lililo wazi, muda mfupi, amevikwa kofia ya sufu nyeupe iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Halafu tukaona theluji, wanaume wenye makoti meusi, shimo. Sanduku lilipoanza kushuka, mtandao ukakata. Niligusa, nikazima, nikawasha. Picha iliporudi watu walikuwa wanatembea kwenda kwenye magari yao.

Mama hakulia. Aliuliza maneno mawili. "Nani ametupa udongo?" Na la pili: "Nani alimusuka?"

Hili la pili ndilo lililobaki na mimi. Kwetu mwanamke hazikwi na kichwa cha ovyo. Mama yake au dada yake anamsuka, mistari ya kawaida, bila pambo, na wengine wanakaa kimya mpaka amalize. Sasa mama yake alikuwa sebuleni Durban, na dada yake, huyu mimi, ni msusi. Nina kiti changu katika saluni hapa hapa Overport, nasuka vichwa vya watu nisiowajua kuanzia asubuhi mpaka miguu inavimba. Nikamwambia mama kwamba binti yake yaya ndiye aliyemsuka. Nilisema bila hata kupepesa macho.

Kesho yake binti mwenyewe alinipigia. "Mama mdogo," alisema, "usimwambie bibi. Chini ya ile kofia hapakuwa na kitu. Dawa zilimaliza nywele zote." Kumbe yaya alikuwa mgonjwa miaka miwili. Miaka miwili, na mwezi wa nne picha ya mti inakuja, na sauti inacheka, na anakula. Alikuwa amemwapisha mtoto asitwambie. Nilikasirika na mtu aliyekwisha kuzikwa, na kusema kweli bado nimemkasirikia.

Mama akafunga kikwembe cha kilio, kitambaa cheusi chenye vidoa vya buluu, juu ya nguo zake zote, akakipiga fundo kiunoni. Kwa desturi yetu siku arobaini zikipita wamama wanakuja, wanapika, wanaimba, mfiwa anaoga, anakifungua, kilio kimeisha. Siku arobaini zilipofika wamama walikuja. Walipika. Mama aliwatazama tu akiwa kwenye kiti. "Sikuona udongo, sikumusuka mtoto yangu," alisema, mkono kwenye fundo la kikwembe. "Sasa mnataka nitoshe nini?" Mchungaji naye akaja, akaomba sana, akala, akaondoka.

Na iko jambo lingine ambalo watu wa kwetu hawalisemi kwa sauti. Mtu akifa na kilio kiunoni, kilio hakiishi, kinapita kwa yule anayemzika. Yule ni mimi, sina mwenzangu. Wakiniuliza kama naamini mambo hayo, nasema mimi ni Mkristo. Lakini kila mama alipokohoa nilitazama lile fundo. Daktari alikuwa ameshasema presha yake haishuki na moyo umechoka.

Mwezi wa nne ukafika na picha haikuja. Mama aliishika simu yangu asubuhi yote, anaipapasa. Jioni akaniita. "Tafuta ule mti yake," alisema. "Tuupande hapa kwetu. Nitautupia udongo na mukono yangu. Siku utatoa maua, nitafungua hiki kikwembe, na hautasikia tena nikiuliza."

Nilifurahi kama mjinga. Kitu cha kununua. Kitu cha kubeba na kuleta nyumbani. Tangu yaya afe hakuna aliyeniomba jambo ninaloliweza.

Lakini ni mti gani hasa? Kumbe wako wa aina nyingi, wa majani ya kijani, wa majani ya zambarau, wa maua meupe, unaoinamisha matawi mpaka chini. Nikampigia mtoto wa yaya. Alikuwa ameshahama, anafanya kazi jimbo jingine. "Ni mti tu, mama mdogo. Tuliukuta pale." Majani yake rangi gani? Akafikiri. "Kijani, nadhani. Au mekundu-mekundu mwanzoni. Vraiment, kweli sikumbuki." Nikafungua picha zote sita alizotutumia yaya, nikazipanga. Sita, zote za mwezi wa nne, zote maua matupu. Hatukuwahi kuuona mti ule una majani. Hatukuuona wakati wa joto, hatukuuona wakati wa theluji. Yaya alituchagulia wiki mbili za mwaka, basi, na sisi hatukuuliza hizo nyingine zikoje. Mimi sikuuliza.

Kazini kwangu nina neno ninalowaambia wateja. Mtu anaingia na simu, ananionyesha msichana wa kwenye picha, anataka hivyo hivyo. Namwambia: mama, picha haina kichwa chako. Wananichukia dakika mbili, halafu wanakaa. Sasa nilipanda bakkie, pikapu ya shemasi wetu, tukapita Pinetown mpaka kwenye kitalu kimoja cha miti huko juu, na mimi ndiye nilikuwa mteja mwenye picha.

Mwenye kitalu alikuwa mzee wa Kihindi wa hapa hapa, miwani imefungwa kamba shingoni. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kwa heshima, nilimpenda kwa hilo. Alinipeleka nyuma, akanionyesha miche minne mirefu kunizidi. Halafu akauliza kwa Kiingereza ninaishi wapi. Nikasema Overport. Akavua miwani.

"Ma," alisema, "mti huu unalala na baridi. Bila baridi haujui kwamba mwaka umepita. Kule chini utakupa majani. Maua siwezi kukuahidi."

Nikamwambia Durban nayo ina baridi, mwezi wa saba navaa sweta. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Alisema iko mmoja, ndugu wa huo, unatoka nchi za Biblia, haudai baridi nyingi kiasi hicho. Huo nao hawezi kuuahidi kwa Durban, lakini kama ni lazima, angechagua huo. Maua ni yale yale, kwenye tawi kavu. Nikauliza jina. Akasita, kwa sababu alikuwa ameuona msalaba shingoni kwangu. Akasema wanauita mti wa Yuda, kwa kuwa watu husema ndipo alipojinyongea.

Nikampigia mama palepale, kwa sauti ya wazi, shemasi anasikiliza. Nikamweleza yote, ya baridi na ya jina. Mama akasema: "Yuda? Kwa mtoto yangu? Unataka nimutupie Yuda udongo?" Shemasi alitikisa kichwa, kwamba haiwezekani kabisa. Na mimi, ambaye ningeweza kumwambia mama jina lolote, ningeweza kusema mti wa Petro, mti wa Maria, nani angejua, siku ile nikaona nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshasema mmoja. Nikauacha ule mti, na mpaka leo najiuliza.

Nilichagua wa majani ya zambarau. Sababu yangu naona aibu kuiandika. Ulikuwa na majani machache ya mwisho, na rangi yake ndiyo iliyokaribia maua ya kwenye picha. Mzee aliona. Alijaribu mara ya mwisho, akanionyesha mti mwingine, ule unaochanua rangi ya waridi barabarani kote Morningside, jani lake kama kwato. Alisema huu nao ni wa ukoo mmoja, Durban unaipenda, mwaka kesho tu ungeona maua. Nilimwambia sikuja kutafuta ndugu yake. Akasema sharp, ma, sawa, akaufunga ule wa zambarau kwa gunia, akamsaidia shemasi kuupandisha.

Tuliupanda Jumamosi. Mama alishuka ngazi mwenyewe, akainama, akatupa udongo mara tatu, na mara ya tatu akalia. Alilia mpaka wamama wakaacha kuimba. Nilisimama na jembe mkononi nikashukuru, nikaona kama deni fulani limeniondoka.

Mwezi wa tisa mti ukatoa majani. Majani mazuri ajabu, umbo la moyo, mekundu yanayong'aa. Watu wapitao njia walisimama kuyasifu. Mama alitoka, akauzunguka mti. "Maua iko wapi?" Nikasema bado mdogo, mama, mwaka kesho. Joto la Durban lilipokuja majani yakafifia, yakawa kijani ya kuchoka, kingo zimeungua.

Msichana tunayefanya naye kazi saluni alisoma mahali kwamba barafu inaudanganya mti. Basi mwaka uliofuata, mwezi wa saba wote, nilinunua mifuko ya barafu kituo cha mafuta, kila asubuhi kabla ya kazi, nikaimwaga shinani. Gogo, yule bibi jirani yetu, alinitazama juu ya ukuta siku tatu, siku ya nne akauliza kama nauza samaki. Mama alikuwa anakaa kwenye baraza akinisimamia, kikwembe kimepauka, ananionyesha kwa fimbo upande niliousahau. Nilijua kwamba nafanya upuuzi. Barafu ilikuwa inayeyuka kabla sijafika kwenye geti. Lakini niambie, ungeacha?

Mwezi wa nane nilivaa miwani nikaanza kuchunguza matawi, inchi kwa inchi. Vilikuwepo vichipukizi. Vyote vilikuwa vya majani. Msusi anajua mahali nywele zitaota na mahali hazitaota, na mimi nikaujua ule mti. Wiki hiyo hiyo mama alilazwa siku tano. Aliporudi, kikwembe kilimzunguka mara mbili, fundo limehamia mbele. Nilipomlaza kitandani aliniuliza, "Mwaka huu utatoa?"

"Utatoa, mama," nikasema.

Sikulala vizuri, lakini hilo si la kusimulia. Jumapili baada ya ibada nilijifungulia saluni nikasimama mbele ya ukuta wa nywele za pakiti, zile tunazoziita meshi. Nina rangi arobaini na kitu pale. Nilishika simu yenye picha ya yaya mkono mmoja, na mwingine nikawa nashusha pakiti. Waridi lilikuwa la kitoto mno. Zambarau ilikuwa ya kilevi. Nilichanganya mbili, nikazichambua pamoja, nikasogeza kwenye dirisha nione katika mwanga wa jua. Ilikuwa yenyewe. Katika kazi yote ya kuchagua niliyoifanya kwa ajili ya ule mti, hapo tu ndipo nilipojua ninachokifanya.

Jumatatu hatufungui. Kulipokucha nilitoka na meshi na kijiti cha kupandia nywele, nikaanza kuzifunga kwenye mti. Kipande kifupi, fundo, kata. Kipande, fundo, kata. Maua ya yaya yalikuwa yanabana kwenye gome lenyewe, bila kikonyo, na fundo la msusi linabana hivyo hivyo. Nilifanya shina, nikafanya matawi ya juu nikiwa kwenye ndoo. Nilifanya kwa muda wa saa mbili na nusu. Kila nilipoteremka na kurudi nyuma hatua tano ulikuwa ni ule mti wa kisanduku cha barua, na nilikuwa naona aibu na furaha pamoja. Lilibaki tawi moja la chini, upande wa nyumba, na pakiti moja na nusu, niliposikia mlango.

Mama alisimama barazani. Macho yake ni mabovu lakini si ya kipofu. Akaweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimepanga kwamba atatazama kutoka pale pale, nimlete kiti, nimwambie umande uko mwingi. Nilikuwa nimepanga hata wamama wa kuwapigia. Lakini alishuka ngazi bila fimbo, miguu mitupu. Nilisimama na meshi zinaning'inia mkononi.

Akashika tawi. Vidole vyake vikapita kwenye fundo moja, vikarudi, vikaenda la pili, la tatu. Vidole hivyo ndivyo vilivyonifundisha kusuka. Nilisubiri anipige, au alie, au aanguke pale na moyo wake.

"Hapa umefunga kulegea," alisema.

Akalikaza lile fundo. Kisha akalipapasa lile tawi la chini, tupu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Leta kiti," alisema.

Nikaleta kiti. Kabla ya kukaa aliweka mikono kiunoni, akafungua kikwembe, akakitandika chini ya tawi. Kwetu nywele za mtu haziachwi chini, zinaokotwa zote. Miezi kumi na tisa nilikuwa nalitazama fundo lile, na lilifunguka hivyo, kwa ajili ya kazi, na hakunitazama hata mara moja. Mimi nilisimama kando yake. Nilichambua kipande, nikampa, akafunga. Akanyoosha mkono, nikampa kingine. Nilipokuwa mdogo ndiyo ilikuwa kazi yangu, yaya amekaa chini katikati ya magoti ya mama, mimi nampa mama uzi.

Upepo ulilitikisa tawi. "Tulia," mama aliliambia.

Alifunga mafundo kama kumi, kwa mistari, siyo kama nilivyofanya mimi. Hakuwa anajaribu kufananisha na maua.

"Hakubakia na nywele," alisema. "Si ndiyo?"

"Hakubakia na hata moja, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kesho yake ya maziko."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, mtupu, na uliendelea kuwa hapo. Nilifikiri sasa ndipo atakapouliza yale mengine, kama aliumwa sana, kama aliita mtu, na nilijua kwamba hayo hata mimi siyajui.

"Leta," alisema.

Nikampa.